Joto la Maji na Joto la Moshi: Kufunga Geji ya Ekzosi katika Lori la Dizeli

Utangulizi

Barabara inayotoka Kendu Bay kupitia Oyugis hadi Kisii huanzia karibu na ukingo wa Ziwa Victoria, ambako maji yapo takribani mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na huishia katika mji ulio kwenye kimo cha takribani mita 1,700. Malori yanayobeba mchanga uliochotwa ufukweni, hasa upande wa Kobala, huipanda tofauti hiyo ya zaidi ya mita 500 yakiwa yamesheheni. Hali kadhalika, lori linalotoka mjini Homa Bay likielekea Rongo kupitia Rodi Kopany huupa ufuo kisogo na kuanza kukwea papo hapo. Kwa upande wa Migori, miwa inayopelekwa Awendo, kwenye kiwanda cha sukari kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970, hupita kwanza katika njia za murramu zenye vumbi jingi kabla ya kuifikia lami. Katika safari zote hizi dereva hutegemea mshale mmoja wa joto ulio mbele yake. Mshale huo hupima joto la maji. Maadamu umetulia katikati, dereva huamini kwamba injini iko salama.

Imani hiyo ina kasoro kubwa. Pistoni ya injini ya dizeli yaweza kuyeyuka kichwa, na tabo ikapasuka mabawa, ilhali mshale wa maji haujasogea kutoka mahali pake pa kila siku. Mwenye lori, ambaye mara nyingi amelinunua kwa mkopo na kulitegemea kwa karo na chakula, hupata habari wakati lori limesimama kando ya barabara likitoa moshi mweupe na mafuta ya injini yanatiririka. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jambo hilo hutokea, jinsi geji ya joto la moshi inavyofanya kazi na inavyofungwa, na makosa yanayoweza kukifanya kifaa cha kuilinda injini kuwa ndicho kinachoiua.

Kwa kuwa maelekezo yanayoandamana na geji hizi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali gereji za Migori, Rongo na Homa Bay huendesha kazi zao kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kidholuo na Kikuria, itafaa kusimama hapa na pale kuyaangalia maneno yenyewe. La kwanza ni neno joto. Dereva anapoambiwa "chunga joto la injini" huelewa maji, kwani hilo ndilo joto pekee aliloonyeshwa alipofunzwa udereva. Hivyo basi makala haya yatatenganisha joto la maji na joto la moshi. Kwa moshi hapa inakusudiwa hewa yote ya moto inayotoka kwenye silinda baada ya mafuta kuungua, hata ikiwa haionekani kwa macho. Bomba la kuitolea hewa hiyo litaitwa ekzosi, kama linavyoitwa na mafundi wenyewe.

Kwa nini maji huchelewa kusema

Mfumo wa kupoza injini ya lori hubeba maji mengi. Maji hayo huzunguka kwenye kuta za silinda, hupelekwa kwenye rejeta kupozwa, kisha hurudi, na themostati hujitahidi kuyaweka baina ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Wingi wa maji hayo ndio neema ya injini, na ndio unaoficha habari. Joto likizidi ndani ya silinda, huchukua dakika kadhaa kabla maji yote hayajapanda kiasi cha kuusogeza mshale. Jambo baya zaidi ni kwamba maji yakivuja na kupungua, kile kipimo kilichokuwa kimezama ndani yake hubaki hewani, na mshale waweza kushuka badala ya kupanda.

Moshi hauna subira ya namna hiyo. Hewa inayotoka kwenye silinda hii sasa ni ile iliyoungua muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Dereva akikanyaga mafuta, joto la moshi hupanda katika sekunde chache. Akiinua mguu, hushuka vivyo hivyo. Kwa ufupi, geji ya maji husimulia yaliyopita na geji ya moshi husimulia yanayotendeka.

Ili kuelewa kwa nini joto hilo hupanda, ni sharti kutofautisha dizeli na petroli. Injini ya dizeli huvuta hewa kadiri inavyoweza, huibana mpaka ipate joto la kuwasha mafuta bila plagi, kisha nozeli hupuliza dizeli ndani yake. Ndivyo alivyokusudia Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake iliyofanikiwa ilijaribiwa mwaka 1897, na ambaye jina lake hutajwa katika kila kituo cha mafuta Afrika Mashariki na watu wasiojua kwamba wanamtaja mtu. Katika injini hiyo mguu wa dereva hauamrishi hewa. Huamrisha kiasi cha mafuta tu. Kwa kawaida hewa huwa nyingi kuliko mahitaji, na ile iliyosalia husaidia kupunguza joto. Mafuta yanapoongezwa bila hewa kuongezeka, ziada hiyo huisha, joto la moshi hupanda, na hatimaye ekzosi hutoa moshi mweusi. Injini ya petroli huenda kinyume: inapozidishiwa mafuta hupoa, na inapopunjwa ndipo huwaka zaidi. Fundi aliyelelewa na petroli, akiiletea dizeli hekima hiyo, huongeza mafuta kwenye injini ambayo tayari inaungua.

Mambo yanayoinyima dizeli hewa ni mengi katika eneo hili. La kwanza ni kimo. Katika ukingo wa ziwa, mgandamizo wa hewa ni takribani asilimia 87 ya ule wa Mombasa. Katika kimo cha Kisii ni takribani asilimia 82. Tabo huweza kufidia sehemu ya upungufu huo, kwani kazi yake ni kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda kwa kutumia nguvu ya moshi unaotoka. Injini isiyo na tabo, kama ile ya 4D33 ya lita 4.2 iliyomo katika Canter nyingi, haina cha kufidia. La pili ni vumbi. Chujio la hewa la lori linaloingia na kutoka katika mashamba ya Ndhiwa au machimbo ya Macalder wakati wa kiangazi huziba mapema mno kuliko kitabu kinavyotazamia. La tatu ni mipira ya hewa iliyopasuka kati ya tabo na injini, ambayo huvujisha ile hewa iliyokwisha kusukumwa. La nne ni mkono wa binadamu: mwenye lori analalamika kwamba gari halina nguvu, fundi anafungua skrubu ya pampu na kuongeza mafuta, lori linapanda mlima kwa furaha, na hakuna anayejua ni joto kiasi gani lililonunua furaha hiyo.

Kuhusu viwango, watengenezaji hutofautiana, na kitabu cha injini husika ndicho chenye neno la mwisho. Hata hivyo, yapo makadirio yanayokubaliwa kwa wingi. Injini inayonguruma tu bila mzigo hutoa moshi wa nyuzi 100 hadi 200. Lori lililobeba mzigo kwenye barabara tambarare huwa kati ya nyuzi 300 na 450. Kwenye mlima mrefu laweza kufika 600. Likivuka nyuzi 700 kabla ya tabo na kukaa huko kwa dakika nyingi, linakaribia hatari. Alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660, na mchanganyiko unaotumiwa kutengeneza pistoni huanza kulegea chini ya hapo. Kinachoiokoa pistoni ni mafuta ya injini yanayoipoza kwa chini, maji yanayopoza kuta, na ufupi wa muda inaoguswa na moto. Wokovu huo una mpaka.

Kifaa chenyewe

Geji ya joto la moshi ina sehemu mbili: kijiti cha chuma kinachoingizwa ndani ya ekzosi, na saa yenye mshale inayowekwa mbele ya dereva. Ndani ya kijiti mna nyaya mbili za madini tofauti zilizounganishwa kwenye ncha. Mnamo mwaka 1821 Mjerumani mwingine, Thomas Johann Seebeck, alitambua kwamba madini mawili yaliyounganishwa hivyo, ncha moja ikiwa na joto na nyingine ikiwa baridi, huzaa nguvu ya umeme. Kijiti cha namna hii huitwa themokapuli. Aina inayotumika zaidi katika magari hupewa herufi K: waya mmoja ni wa nikeli na kromiamu, wa pili ni wa nikeli na alumini kidogo. Umeme unaozaliwa ni haba sana, takribani milivolti 29 kwa joto la nyuzi 700. Uhaba huo ndio chanzo cha makosa mengi yatakayoelezwa, kwani nguvu ndogo kiasi hicho hupotoshwa kwa urahisi.

Geji nyingi za Kimarekani huandikwa kwa Farenhaiti. Katika saa hizo, 1,300 ni takribani 704 za Selsiasi, na 900 ni takribani 482. Dereva aliyeambiwa kwamba hatari ni 700, akiketi mbele ya saa ya Farenhaiti, atasimama bila sababu kila kilima. Na aliyeambiwa 1,300, akapewa saa ya Selsiasi, hatasimama kamwe. Fundi anapaswa kulitazama jambo hili kabla ya kufungua sanduku la spana.

Mahali pa kutoboa

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Moshi hutoka katika silinda zote na kukusanyika ndani ya manifoldi, yaani lile tawi la mabomba la chuma cha kusubu lililofungwa ubavuni mwa injini, kisha huingia kwenye tabo, ukaendelea hadi bomba la nyuma. Kijiti kinaweza kufungwa kabla ya tabo au baada yake, na tofauti ya mahali hapo mawili si ndogo. Tabo hula joto, kwa maana ndilo linaloigeuza kuwa mzunguko. Injini inapofanya kazi nzito, moshi uliotoka nyuma ya tabo waweza kuwa umepungua nyuzi 100, 200 au zaidi. Wapo wanaofunga nyuma kwa sababu ni rahisi kutoboa bomba laini la huko, wakasema watajumlisha 150 vichwani mwao. Hesabu hiyo haiaminiki, kwani pengo hubadilika kulingana na mzigo. Hupanuka pale hasa ambapo dereva anahitaji ukweli.

Hoja yao nyingine ina mashiko kiasi: kijiti kikikatika kabla ya tabo, kipande huingia katika mabawa yanayozunguka kwa kasi inayoweza kukaribia mara 100,000 kwa dakika. Ni kweli. Ila kijiti chenye ganda la chuma kisichoshika kutu, kilichofungwa bila kukazwa kupita kiasi, hudumu miaka mingi, na hatari ya kukatika ni ndogo kuliko hatari ya kudanganywa kila siku. Injini isiyo na tabo haina mjadala huu. Kijiti huwekwa pale matawi yote yanapokutana.

Kijiti hakipaswi kuwekwa kwenye tawi la silinda moja, kwani kitasoma habari za silinda hiyo tu. Katika injini za silinda sita zenye tabo, manifoldi mara nyingi hugawanywa kwa ukuta wa ndani: silinda tatu za mbele hupitia upande mmoja na tatu za nyuma upande wa pili. Fundi huchagua upande mmoja, na ni lazima ajue ukuta ulipo asije akautoboa. Njia ya kuujua ni kuifungua manifoldi na kuichungulia.

Kuifungua ni jambo ambalo mafundi wengi hulikwepa, na si kwa uvivu. Bolti za manifoldi iliyoungua kwa miaka kumi hushikwa na kutu, na moja ikikatika ndani ya kichwa cha injini, kazi ya nusu siku huwa ya siku mbili. Kwa sababu hiyo bolti hulowekwa mafuta ya kupenya usiku wa kuamkia kazi, kisha hulegezwa taratibu, mbele na nyuma, zisinyongwe kwa mara moja. Gasketi mpya huwa imenunuliwa kabla.

Wapo wanaotoboa manifoldi ikiwa mahali pake. Hupaka grisi kwenye biti ili chenga za chuma zinase, hutoboa kidogo, hufuta, hupaka tena, na mwisho huingiza sumaku nyembamba kufagia ndani, kwani chuma cha kusubu hunaswa na sumaku. Wengine huiacha injini ingurume wakati biti inapotokeza upande wa pili ili moshi usukume chenga kuelekea nje. Njia ya kwanza yaweza kukubalika mikononi mwa mtu mwangalifu ambaye angalau ameifungua tabo na kuziba mlango wake. Ya pili ni ya kubahatisha: chenga moto humrukia fundi usoni, na zile zisizotoka kwenye tundu huwa na njia moja tu ya kwendea, nayo ni tabo. Chenga moja ndogo yatosha kung'oa ukingo wa bawa. Lori lililokuja kufungwa kinga huondoka na ugonjwa, na huenda ugonjwa huo usionekane mpaka wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka tundu.

Manifoldi ikiwa juu ya meza na imebanwa kwenye jiliwa, kazi huwa nyepesi. Mahali palipochaguliwa hupigwa alama kwa msumari mgumu ili biti isiteleze. Biti ya milimita 3 hutangulia, kisha kubwa zaidi kwa hatua. Vijiti vingi huja na kishikio chenye meno ya parafujo ya kipimo cha 1/8 inchi, na kwa kipimo hicho tundu la mwisho huwa takribani milimita 8.7. Baada ya hapo tapu huingizwa kukata meno, ikizungushwa mbele nusu duara na kurudishwa nyuma kidogo ili kuvunja chenga.

Kuna mtego unaostahili kutajwa. Meno ya 1/8 ya Kimarekani ni 27 kwa kila inchi. Ya Kiingereza, ambayo ndiyo yaliyozoeleka Kenya katika mabomba ya maji na mafuta, ni 28. Kishikio cha Kimarekani huingia kwenye tundu la Kiingereza kwa mizunguko miwili au mitatu kana kwamba ni ndugu, kisha hukwama. Fundi mwenye nguvu hukaza zaidi. Meno huliwa, moshi huanza kuvuja, na sauti ya kufyonza husikika kila lori linapopanda. Tapu na kishikio lazima vitoke katika ukoo mmoja.

Ncha ya kijiti inapaswa kufika katikati ya mkondo wa moshi. Iwapo bomba lina upana wa ndani wa milimita 50, kijiti huingia takribani milimita 25. Kikigusa ukuta wa upande wa pili, hupima joto la chuma. Kikiwa kifupi mno, hupima hewa tulivu ya pembeni. Meno hupakwa grisi ya shaba inayostahimili joto ili yaweze kufunguliwa siku ya kubadilisha. Manifoldi hurudishwa na bolti zake kukazwa kuanzia katikati kuelekea miishoni, kwa nguvu iliyotajwa kitabuni, na kukaguliwa tena baada ya injini kupata moto na kupoa.

Nyaya

Mafundi wa umeme wa magari wamezoea kanuni moja: nyekundu ni chanya. Katika themokapuli ya aina ya K inayofuata rangi za Kimarekani, nyekundu ni hasi, na chanya ni njano. Zile zinazofuata rangi za kimataifa huwa kijani kwa chanya na nyeupe kwa hasi. Fundi akiunganisha kwa mazoea, mshale hurudi nyuma injini inapopata joto, na geji hutangazwa kuwa mbovu na kutupwa. Rangi zikiwa zimefifia au kufunikwa na masizi, sumaku ileile iliyofagia chenga hutoa jibu: waya unaonaswa na sumaku ni ule wa alumini kidogo, nao ndio hasi.

Kosa la pili ni kurefusha nyaya. Lori lina umbali mrefu kutoka manifoldi hadi dashibodi, na nyaya zilizokuja na kijiti huenda zisitoshe. Fundi huchukua waya wa shaba wa taa na kuunganisha. Geji itafanya kazi, ila itasema uongo. Kila madini mapya yanapounganishwa, kiungo hicho nacho huwa kipimajoto. Kiungo kikikaa karibu na injini kwenye joto la nyuzi 80, huku saa ikiwa kwenye kibanda chenye nyuzi 30, mshale utapungua kwa nyuzi 50 hivi. Dereva atasoma 680 wakati ukweli ni 730. Nyaya za kurefusha lazima ziwe za aina ileile ya K, na ziada, kama ipo, ikunjwe isikatwe, isipokuwa maelekezo yaruhusu.

Saa yenyewe huhitaji umeme wa gari. Malori mengi ya kati na makubwa, kama Isuzu FVR na Fuso, hutumia volti 24 kutoka betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa, ilhali geji nyingi sokoni ni za volti 12. Njia ya mkato inayojulikana ni kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Betri hiyo huchoka kabla ya mwenzake, na mwenzake huchajiwa kupita kiasi. Zote mbili hufa mapema. Inafaa kununua geji ya volti 24, au kifaa cha kushusha umeme, na kuweka fyuzi ndogo karibu na chanzo. Nyaya hupitishwa mbali na ekzosi, na pale zinapopenya ukuta wa kibanda huvishwa mpira ili bati lisizikate.

Kabla ya kukifunga kijiti, ni vyema kukijaribu. Sufuria ya maji yanayochemka hutosha kwa saa inayoanza chini ya nyuzi 100. Hapa pia kimo huingilia: katika mji wa Homa Bay maji huchemka kwa takribani nyuzi 96, si 100, kwa sababu hewa ni nyepesi. Fundi asiyejua hilo ataishuku geji iliyo nzima.

Kuusoma mshale barabarani

Geji iliyofungwa vyema haiishushi injini joto hata nyuzi moja. Anayelishusha ni dereva, na hivyo ni muhimu aelezwe afanye nini, si aonyeshwe tu saa mpya. Mshale unapopanda kwenye mlima, jibu la kwanza ni kupunguza mguu. La pili, ambalo huwashangaza wengi, ni kushusha gia. Dereva wengi huona fahari kuupanda mlima kwa gia kubwa, injini ikilalama kwa mizunguko michache huku mguu umekanyaga hadi chini. Hali hiyo ndiyo inayozaa joto jingi zaidi, kwani kila mpigo hupokea mafuta mengi na hewa kidogo. Gia ikishushwa, injini huzunguka haraka, tabo huamka, hewa huongezeka, na kila mpigo huhitaji mafuta machache kwa kazi ileile. Lori litafika juu likiwa limechelewa kwa dakika mbili au tatu.

Faida iliyo kubwa zaidi huenda isitambuliwe na aliyeinunua geji kwa ajili ya kukwepa hatari peke yake. Mlima usiobadilika ni kipimo. Dereva anayepanda kila siku kutoka Kendu Bay kwenda Oyugis na mzigo wa mchanga usiotofautiana sana atazoea kuuona mshale ukisimama, tuseme, kwenye 560 mahali fulani penye kona. Siku atakapouona kwenye 620 mahali palepale, kwa gia ileile na mzigo uleule, kuna kilichobadilika. Chujio limeziba, au mpira wa hewa umechanika, au nozeli imeanza kudondosha mafuta badala ya kuyapuliza. Injini bado haijalalamika kwa sauti, nguvu haijapungua kiasi cha kutambulika, na mshale wa maji hauna habari. Chujio hugharimu kidogo mno likilinganishwa na tabo. Daftari dogo ndani ya kibanda, lenye tarehe, mahali, mzigo na namba, humpa fundi habari ambazo maneno "gari halivuti" hayawezi kumpa.

Hapa tena lugha hudai nafasi yake. Utingo, dereva, fundi na mwenye lori wanapaswa kuwa na jina moja la kifaa na namba moja ya hatari. Ikiwa mmoja anasema geji ya moto, wa pili saa ya ekzosi, wa tatu anataja herufi tatu za Kiingereza zilizoandikwa kwenye kioo, simu inayopigwa kutoka barabarani usiku huishia katika mabishano juu ya mshale upi unazungumziwa. Njia mojawapo iliyo nyepesi ni kupaka mstari mwekundu wa rangi kwenye kioo cha saa, mahali pa kiwango kilichotajwa na kitabu cha injini, na kuandika chini yake MOSHI, na chini ya ile nyingine MAJI.

Lipo jambo la mwisho, nalo hutokea lori likiwa limesimama. Baada ya mlima, dereva hupinda kando sokoni Rongo au Oyugis, huzima injini na kuteremka. Tabo wakati huo bado ni nyekundu kwa joto na mhimili wake bado unazunguka, lakini pampu ya mafuta ya injini imekwisha kusimama. Mafuta yaliyobaki kwenye beringi huungua na kuganda kama masizi magumu. Yakirudiwa mara nyingi, beringi husagika. Maelekezo ya zamani husema injini iachwe ingurume dakika tatu hadi tano. Mwenye geji hahitaji kukisia dakika: akifika kwa kuteremka mlima, mshale huwa tayari uko chini ya 200 naye aweza kuzima mara moja; akifika kwa kupanda, husubiri mpaka mshale urudi hapo, huku utingo ameshashuka kuangalia magurudumu.